Mvua Isiyomgusa Mtu: Uchambuzi wa Kisa cha Rain Room

Kwenye ukumbi wa The Curve katika jumba la Barbican, London, mvua ilisikika kabla haijaonekana. Ukumbi huo umepinda kama mundu, umeuzunguka kwa nyuma ukumbi mkubwa wa muziki, hivyo anayeingia huona giza na ukuta unaokata kona. Sauti ndiyo iliyotangulia: mshindo wa mvua nzito usiopanda wala kushuka, ule ambao chini ya paa la bati huwafanya watu wanyamaze wakasubiri ipite. Baada ya kona, taa moja kali ilimulika usoni, na kati ya taa hiyo na mgeni maji yalikuwa yanaanguka kutoka darini hadi sakafuni katika eneo la mita za mraba 100. Mgeni hakupewa mwavuli wala koti la mvua. Alitakiwa aingie, aende polepole.

Akipiga hatua ya kwanza, mvua iliacha kunyesha pale alipo. Akipiga ya pili, duara kavu lilimfuata. Maji yalimzunguka pande zote, juu ya kichwa chake pasianguke kitu.

Kazi hiyo inaitwa Rain Room, yaani Chumba cha Mvua. Iliundwa na Random International, kundi lililoanzishwa London mwaka 2005 na Hannes Koch, Florian Ortkrass na Stuart Wood. Ilionyeshwa Barbican kuanzia Oktoba 2012 hadi Machi 2013, ikaenda New York katika makumbusho ya MoMA kiangazi cha 2013, ikafika Shanghai katika Yuz Museum mwaka 2015, kisha Los Angeles katika makumbusho ya sanaa ya LACMA kuanzia Novemba 2015. Mwaka 2018 ikapata makao ya kudumu Sharjah, Falme za Kiarabu, katika mtaa wa Al Majarrah, chini ya Sharjah Art Foundation.

Ilikokwenda iliacha sifa, na iliacha pia malalamiko yanayofanana: foleni za saa nyingi kwa dakika chache za kukaa ndani, watu waliotoka wamelowa wakati waliahidiwa ukavu, na wengine waliosema waliona chumba kikavu chenye mvua pembeni tu. Malalamiko haya matatu huzungumzwa kana kwamba ni mambo matatu. Kwa hesabu yetu ni jambo moja, na chanzo chake ni muda ambao tone la maji linakuwa hewani. Anayeuelewa muda huo ataelewa kwa nini kazi hii inasisimua mwili, kwa nini inawalowesha watu fulani, na kwa nini haiwezi kupokea umati.

Vilivyomo ndani

Orodha rasmi ya vifaa vya Rain Room ni fupi na haifichi kitu: maji, vigae vya plastiki vilivyomiminwa kwenye kalibu, vali za solenoidi, vidhibiti presha, programu iliyoandikwa mahususi, kamera za vipimo vitatu, boriti za chuma, mfumo wa kusimamia maji, na sakafu ya wavu wa chuma.

Kila kimoja kina kazi yake. Vigae ndivyo dari: vina matundu ambamo maji hutoka. Vali ya solenoidi ni bomba dogo linalofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme, bila mkono wa mtu. Kamera za vipimo vitatu hazipigi picha kama tunavyozifahamu. Zinapima umbali wa kila nukta iliyo mbele yake, kwa hiyo programu hupata umbo la mtu kama lundo la nukta, hata akiwa gizani. Programu inalitazama lundo hilo, inaamua kwamba hapa pana mtu, inamchorea duara, kisha inazifunga vali zote zilizo ndani ya duara. Maji yanapita kwenye wavu wa sakafu, yanaingia kwenye tangi lililo chini, yanachujwa, yanarudishwa juu na pampu.

Kidhibiti presha ndicho kifaa kinachosahaulika, nacho ndicho kinachoiokoa mvua. Tuseme kigae kimoja kina upande wa sentimita 25 na kinatawaliwa na vali moja. Mita moja ya mraba itabeba vigae 16, chumba cha mita za mraba 100 kitabeba 1,600. Mtu mmoja akiingia, vali kama 160 zinafunga kwa mpigo. Maji yaliyokuwa yanapita humo hayana pa kwenda, yanasukuma kwenye mabomba ya jirani, na mabomba yanapiga ile ngurumo anayoijua kila fundi bomba. Wakiingia watano wakaachana, nusu ya dari inafunga, na nusu iliyobaki inaweza kutoa maji maradufu. Matone yanageuka mishale, na mishale inaruka sana sakafuni. Bila presha kutulizwa sehemu kwa sehemu, chumba kingekuwa kinabadilisha mvua yake kila mtu anapopiga hatua, na mgeni angegundua mara moja kwamba anacheza na mtambo. Ukweli wa mvua hii unashikiliwa na kifaa ambacho hakuna anayekiona.

Chini kidogo ya sekunde moja

Chukua dari ya mita 4 kwa mfano. Tone likiachiwa huko juu hufika sakafuni baada ya sekunde 0.9 hivi, na hufika usawa wa kichwa cha mtu wa mita 1.7 baada ya sekunde 0.7. Upinzani wa hewa huongeza kidogo. Maana yake ni kwamba vali ikishafunga, mvua haijakoma. Matone yaliyokwisha achia dari yanaendelea na safari yake, na hakuna kamera wala programu inayoweza kuyarudisha.

Kwa hiyo mtambo hauwezi kusubiri mtu afike ndipo ufunge. Ni lazima ufunge mbele yake, mahali ambapo hajafika bado. Mbele kiasi gani? Anayetembea mwendo wa kawaida huenda mita 1.4 kwa sekunde. Kamera inayosoma mara 30 kwa sekunde hutumia sekunde 0.03 kwa kila usomaji. Programu ikilinganisha usomaji mitatu ili isidanganywe, hiyo ni 0.1; vali nayo inahitaji sehemu ndogo ya sekunde ili ijifunge. Jumla, pamoja na ule muda wa tone kufika chini, ni sekunde 1.05 hivi. Katika muda huo mtembezi amekwenda karibu mita 1.5. Ongeza sentimita 30 za bega na mkono unaobembea, unapata nusu kipenyo cha mita 1.8.

Hapo ndipo neno "polepole" linapopata maana. Si adabu ya makumbusho. Anayekimbia mita 4 kwa sekunde atakuwa amekwenda zaidi ya mita 4 kabla tone la mwisho halijagusa sakafu, na duara lake lina mita 1.8 tu. Atalowa, na atalowa kifuani na usoni, kwa sababu anaikimbilia mvua ambayo tayari iko njiani. Anayetembea kwa mwendo ulio juu kidogo tu ya kawaida hulowa ncha za viatu kwanza. Matone yaliyo mbele yake yamekwisha shuka chini ya usawa wa kichwa, hayawezi tena kumgusa usoni, lakini hayajafika chini. Mguu unaotangulia unayakuta. Viatu vyenye madoa ya maji mbele na nywele kavu ni ushahidi kwamba mtambo unafanya kazi sawasawa na mtu alikwenda kasi kidogo.

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini duara lisiongezwe hadi mita 3 ili hata mwenye haraka awe salama. Linaweza kuongezwa, na hapo ndipo kazi inapokufa. Mvua iliyo mita 3 mbali na mtu inakuwa mandhari. Inayofunga njia sentimita chache mbele ya hatua yako ndiyo inayofanya mwili usite. Kadiri mtu anavyokwenda kwa uangalifu, ndivyo duara linavyoweza kupunguzwa, na ndivyo maji yanavyomkaribia bila kumgusa. Waundaji wa kazi hii hawakuficha udhaifu wa mtambo wao nyuma ya sharti la mwendo. Waliugeuza kuwa mchezo wenyewe: unapewa ukavu kwa kadiri unavyouamini, na kuamini hapa kunapimwa kwa kasi ya miguu.

Hesabu ya foleni

Duara la nusu kipenyo cha mita 1.8 lina eneo la mita za mraba 10.2. Chumba kina mita za mraba 100. Watu kumi wakitawanyika, kila mmoja na duara lake, wamekifunika karibu chumba chote. Mvua karibu haipo. Wamesimama kwenye chumba chenye wavu sakafuni na unyevu hewani.

Wakiwa watano, nusu ya chumba ni kavu. Mvua ipo lakini imevunjikavunjika. Wakiwa wawili au watatu, kila mmoja anazungukwa na ukuta kamili wa maji na anamwona mwenzake kama kivuli upande wa pili. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo idadi ambayo kazi hii inastahili, na kila anayezidishwa juu yake anaondoa sehemu ya kile ambacho wote wamekuja kukipata.

Sasa tazama upande wa mlango. Ukiingiza watu watano kwa dakika 10, unapata watu 30 kwa saa, 240 kwa siku ya saa nane. Jumba kubwa la sanaa katika jiji kubwa hupokea maelfu kwa siku. Foleni basi haitokani na uzembe wa watu wa mlangoni. Imetoka moja kwa moja kwenye urefu wa dari na mvutano wa dunia. Huko London foleni ilikuwa ya kusimama, na siku za mwisho watu walisubiri saa nyingi. Los Angeles walitumia tiketi za muda maalumu, kila kundi na robo saa yake, na Sharjah nako mtu hukata tiketi ya muda kabla ya kwenda. Tiketi ya muda haiongezi hata mtu mmoja ndani ya chumba. Inachofanya ni kuihamisha foleni kutoka kwenye miguu ya watu kwenda kwenye kalenda. Hilo si jambo dogo. Aliyesimama saa nne huingia na haki ya kudai: atapiga picha kwanza, atagoma kutoka, na mwili wake umechoka kiasi kwamba hausikii tena vitu vidogo.

Makosa ya usimamizi huanzia hapa. Msimamizi anayeona foleni imefika barabarani hushawishika kuongeza watu ndani, watano wawe wanane. Foleni inapungua kidogo, na kila aliyeingia amepata kitu kingine kabisa, chumba kikavu chenye pembe zinazonyesha. Ni kama kuongeza maji kwenye chai ili itoshe wageni wote: vikombe vimejaa, chai hakuna.

Mwili unahisi nini

Watu husema kazi hii ni ya macho kwa sababu wameiona kwenye picha. Ukichambua kinachotokea ndani, macho ni ya pili au ya tatu.

Kwanza sikio. Mvua ya nje huwa na mpangilio: inaanza rasharasha, inakolea, inapungua, upepo unaipeleka huku na huku. Hii haina mwanzo wala mwisho, na matone yote yanagonga kitu cha aina moja, wavu wa chuma. Sauti inakuwa zulia moja zito. Mtu akiingia kwenye duara lake, sauti inabaki pande zote lakini inatoweka juu na chini ya miguu. Sikio linaambiwa uko ndani ya mvua, ngozi ya kichwa inaambiwa hapana. Mabishano hayo kati ya viungo viwili ndiyo yanayowafanya watu wazima wainue mikono taratibu, viganja juu, kama wanaoomba dua, ili kuhakikisha.

Halafu ngozi. Maji yanayoanguka huburuta hewa kwenda chini, na hewa hiyo ikifika sakafuni hutawanyika pembeni. Mtu aliye kwenye duara kavu huhisi upepo mwembamba wa baridi ukimjia vifundoni kutoka pande zote. Sehemu ya maji pia hugeuka mvuke na kupoza hewa. Vumbi la maji kutoka kwenye wavu huruka hadi kwenye magoti. Ni vigumu mtu kutoka mle mkavu kabisa. Hata anayetoka na nguo kavu anaweza kuwa na unyevu kwenye nyusi na mikononi.

Pua ndiyo isiyopata kitu, na kwa watu waliokulia kwenye masika hilo ni pengo kubwa. Harufu tunayoiita ya mvua kwa kweli ni harufu ya udongo: bakteria wa ardhini hutengeneza kemikali iitwayo jiosmini, na tone la kwanza likipiga vumbi huirusha hewani. Pua ya binadamu huigundua hata ikiwa chache mno. Ndani ya Rain Room hakuna udongo, kuna plastiki na chuma, na maji yamechujwa. Mvua ina sauti, ina baridi, ina mwanga, lakini haina harufu. Tunaamini hii ndiyo sababu watu wengi walielezea hali ile kama ndoto. Mwili hukagua, hukuta kitu kimoja kimekosekana, na haujui ni kipi.

Taa inastahili sentensi zake. Ni moja, kali, upande mmoja wa chumba, kimo cha mtu. Ukiitazama, kila tone lililo kati yako na taa linapinda mwanga na kung'aa kama uzi wa fedha. Watu wote wanakuwa vivuli vyeusi visivyo na sura. Ukiipa mgongo, mvua karibu inatoweka, unabaki na kivuli chako mwenyewe kirefu kikiingia gizani. Chumba kimoja kina mvua mbili, na wengi huiona moja tu kwa sababu hawakugeuka. Barbican pia walileta wachezaji wa mtunzi wa dansi Wayne McGregor, kwa muziki wa Max Richter, wakacheza ndani ya maji; mwili uliofundishwa huweza kucheza na ule ucheleweshaji, kusogea kidogo kuliko mvua inavyotarajia.

Nani hulowa

Kasi tumeshaieleza. Sababu ya pili ni nguo. Kamera za kupima umbali hutuma mwanga wa infraredi usioonekana na kusoma unaorudi. Kitambaa cheusi kinaweza kuumeza mwanga huo. Kinachorudi ni kidogo mno. Kitambaa kinachong'aa, kama koti la mvua la nailoni au gauni la shanga, huutupa pembeni. Ndiyo maana wageni waliambiwa waepuke nguo nyeusi na zinazometameta. Mtu aliyevaa baibui jeusi lisilo na rangi nyingine ni mtihani halisi kwa mtambo wa aina hii, na Sharjah si mahali pa kulichukulia hilo kwa wepesi. Njia ya kiufundi ni kuweka kamera nyingi zaidi ili angalau mbili zimwone kila mtu kwa pembe tofauti. Njia rahisi ni kuweka mlangoni shali jepesi jeupe kwa anayelitaka. Kumwambia mtu abadilishe vazi lake la heshima si njia.

Watu wawili wanaokumbatiana huonekana kama lundo moja, wanapewa duara moja. Wakiachana ghafla, programu inahitaji muda ili iwagawe, na yule aliyeondoka kwa kasi anapigwa na maji. Mtoto aliyeshikwa mkono kisha akachomoka ni kisa hichohicho. Kwa watoto kuna jambo jingine: programu huwekewa kimo cha chini ili isiyadhanie matone yanayoruka sakafuni kuwa watu, na mtoto mfupi anakaribia mpaka huo. Mzazi ashauriwe amtangulize mtoto mbele yake, hatua moja tu, si amvute nyuma.

Mkono ulionyooshwa wenye simu hupita duara. Simu hulowa, mwenye simu anashangaa kwa sababu yeye ni mkavu.

Viatu vya mchuchumio vilikatazwa kwa sababu ya wavu: kisigino chembamba kinazama kwenye tundu la chuma, mtu anaanguka, na hapo hata duara halimsaidii.

Sababu inayobaki ni ya mtambo wenyewe, na humpata mtu aliyefanya kila kitu sawa. Tundu likianza kuziba, maji hayatoki wima. Yanatoka kwa kukingama. Tundu lililo nje ya duara linatupa maji ndani yake. Maji ya London ni magumu, yana chokaa nyingi, na chokaa hujijenga kwenye midomo ya matundu kama ilivyo kwenye birika. Siku za kwanza za onyesho mvua ni wima kama nyuzi. Bila matunzo, kadiri miezi inavyopita, unaanza kuona nyuzi zilizolala. Pia vali ikishafunga, maji kidogo hubaki yamening'inia kwenye tundu na hudondoka sekunde moja au mbili baadaye. Tone moja la aina hiyo kwenye shingo humharibia mgeni imani yote, kwa kuwa lilimkuta amesimama tuli.

Maji yenyewe

Los Angeles kazi hii ilifika wakati mbaya. Aprili 2015 gavana wa California, Jerry Brown, alikuwa ameamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25 kwa sababu ya ukame, na miezi michache baadaye likafunguliwa onyesho la mvua ndani ya chumba. Watu walihoji, na walikuwa na haki. Jibu la kihandisi lilikuwa sahihi: maji ni yaleyale, takriban lita 2,000, yanazunguka, kinachopotea ni mvuke na yale yanayotoka na nguo za watu. Sharjah hutajwa kiasi kidogo zaidi, lita 1,200. Lakini mtu aliyeacha bustani yake ikauke haishi kwenye hesabu, anaishi kwenye macho, na kazi inayocheza na hisia haiwezi kulalamika kwamba watu wameitikia kwa hisia. Ingefaa mita ya maji yaliyoongezwa siku hiyo iwekwe mlangoni, tarakimu kubwa, kila mtu aisome.

Kuyazungusha maji kunaleta kazi nyingine, nzito kuliko ya ukame. Maji yanayorushwa hewani kwa matone madogo yanaweza kubeba bakteria wa lejionela hadi kwenye mapafu, na bakteria hao hustawi kati ya nyuzi 20 na 45 za selisiasi. Chumba chenye taa kali, pampu zinazotoa joto na pumzi za watu kinasogea kuelekea huko. Kinga ni ya ngazi: chujio la chembe, taa ya urujuanimno kwenye bomba, joto la maji lishushwe chini ya nyuzi 20 inapowezekana, na mtambo usilale na maji ndani. Taa ya urujuanimno huua kilichopita mbele yake tu. Haiachi ulinzi kwenye kona za mabomba. Klorini huacha. Lakini ukiizidisha kidogo, chumba kizima kinanuka bwawa la kuogelea, na pua iliyokuwa haina cha kunusa sasa imepata jibu baya. Upimaji wa klorini na joto kila asubuhi, na sampuli ya maabara kwa ratiba, si urasimu. Unaamua kama watu watatoka wakiwa wazima.

Sharjah ina tabu yake na raha yake. Emirati hupata mvua chache sana, chini ya milimita 150 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Kwa wenyeji wa huko, na kwa Waswahili wengi wanaofanya kazi Ghuba, chumba hiki hakina maana ileile kama London, ambako mtu hutoka kwenye manyunyu ya barabarani akaingia kwenye mvua ya bandia. Kwa aliyekaa miaka mitatu bila kusikia mvua ya usiku, sauti peke yake inatosha. Tabu ni hewa: nje joto na unyevu wa bahari, ndani ubaridi. Mlango ukifunguliwa ovyo, unyevu huganda kwenye vioo vya kamera na mtambo unakuwa na mtoto wa jicho. Milango miwili yenye nafasi katikati ni ya lazima.

Kwa anayetaka kujenga

Usianze na maji. Anza na chumba kikavu, kamera, na taa ndogo sakafuni au projekta inayochora duara pale programu inapodhani pana mtu. Tembeza watu wa kila aina humo kwa siku kadhaa: warefu, wafupi, wenye kanga, wenye suti nyeusi, wenye fimbo, waliobeba mtoto mgongoni. Kosa linaloonekana hapa linarekebishwa kwa saa moja. Likionekana baada ya mabomba kufungwa litagharimu wiki.

Pima urefu wa dari kabla ya kupima eneo. Dari ya mita 3 hupunguza muda wa tone hadi sekunde 0.8, na duara linashuka hadi mita 1.6 hivi, eneo la mita za mraba 8. Chumba cha mita za mraba 30 kwa dari hiyo kinabeba mtu mmoja vizuri, wawili kwa shida. Chini ya hapo usijenge; utakuwa na dari ghali isiyonyesha.

Kwa vali, chagua zile zinazojifunga umeme ukikatika. Kule ambako umeme hukatika bila taarifa, vali zinazojifungua zitawamwagia watu gizani. Gharama yake ni kwamba vali hizo hula umeme muda wote mvua inaponyesha: vali 1,600 za wati 6 ni kilowati 9.6, na joto hilo lote liko darini, karibu na nyaya. Panga hewa ya kulitoa. Kila vali ikitoa lita 0.3 kwa dakika, jumla ni lita 480 kwa dakika, sawa na mvua ya milimita 288 kwa saa, nzito kuliko mvua kubwa ya kawaida mara kadhaa. Usishtuke, ikiwa hafifu zaidi, taa haina cha kung'arisha. Maji ya kisima ya ukanda wa pwani, ambayo mengi yana chumvi, yasiingie kwenye mfumo bila kusafishwa. Yatakula vali kabla ya chokaa kupata nafasi.

Na kila usiku, wageni wakishatoka, fungua mvua yote bila mtu ndani. Simama nje ya wavu, zima taa zote ila ile moja, tazama kwa usawa wa jicho kuelekea kwenye mwanga. Nyuzi zote zitakuwa wima. Ule mmoja uliolala utauona hata kutoka upande wa pili wa chumba. Andika namba ya kigae chake, funga maji, subiri dakika tano dari imalize kudondoka, kisha panda ngazi na brashi laini na siki.